Kitabu cha mapishi ya nyumbani: umpe mchapishaji, uchape mwenyewe, au uuze kwa simu?

Mpishi wa nyumbani anayetaka kutoa kitabu huanza kwa kuuliza bei ya kuchapa. Kazi yangu ni kuhariri na kupanga kurasa, na swali hilo hunifikia hata salamu hazijaisha. Mimi ningependa kwanza niambiwe nani atakinunua na atakipikia wapi. Dada wa Temeke mwenye jiko la gesi la plate mbili, kijana aliyekulia Toronto anayetamani pilau ya bibi yake, mama wa Mombasa anayetafuta zawadi ya kumpa mkwe, mtalii anayeondoka Unguja na ndege ya jioni: hao ni wanunuzi wanne, na kila mmoja anataka kitabu chake, kwa bei yake na kwa njia yake ya kumfikia. Mtalii hahitaji Kiswahili. Mama wa Mombasa hataki PDF, maana PDF haifungwi kwenye karatasi ya zawadi.

Njia kubwa ni nne: kumpa mchapishaji mswada, kulipia uchapaji mwenyewe, kuweka kitabu Amazon kichapwe pale kinapoagizwa, au kuuza faili kwa simu. Ipo na ya tano, ya kikundi, ambayo nitaigusa tu. Lakini kabla ya zote kuna kazi moja ambayo hakuna njia inayokuondolea.

Daftari si mswada

Mapishi ya nyumbani huandikwa na mtu anayejua kupika, akijiandikia mwenyewe. Chukua vitumbua. Kwenye daftari utakuta mistari miwili:

*Mchele vikombe viwili, tui, hamira kidogo, sukari kiasi, hiliki. Saga, acha uumuke, choma.*

Aliyeandika hivyo alikuwa anajikumbusha. Msomaji aliyetoa pesa yake anataka hivi:

*Mchele gramu 400 (vikombe 2), uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa maji. Tui zito mililita 375 (kikombe kimoja na nusu). Sukari gramu 100. Hamira kijiko 1 cha chai. Hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Saga mchele na tui mpaka ukisugua tone kati ya vidole viwili usisikie chenga. Tia sukari, hiliki na hamira, funika, weka mahali penye joto mpaka uji ujae vipovu na kupanda karibu mara mbili. Kwa joto la Dar saa moja yatosha. Arusha mwezi wa saba subiri zaidi. Pasha chuma cha vitumbua, tia kijiko cha chai cha mafuta kila shimo, jaza uji robo tatu. Geuza ukingo ukishakuwa wa kahawia na katikati pakiwa bado pameloa kidogo.*

Toka mistari miwili hadi aya nzima, na bado hujasema uvitoe vipi bila kuvipasua. Zidisha hapo kwa mapishi sitini.

Vipimo hivyo unavipataje kwa mtu anayepika kwa macho? Usimwambie mama apime. Ukimpa kikombe mkononi atapika kama mgeni jikoni kwake, na kitakachotoka si kile unachokijua. Nunua mizani ya dijitali, ile ndogo ya jikoni. Pima mfuko wa unga kabla hajaugusa, mwache apike anavyopika siku zote, halafu pima mfuko tena. Kilichopungua ndicho kipimo. Sukari vivyo hivyo, mafuta vivyo hivyo. Chumvi ndiyo ngumu, kwa sababu anaionja na kuongeza. Hapo mpe chumvi kwenye kibakuli ulichokipima tayari. Ukishaandika, mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kupika chakula hicho, kaa pembeni, na ufunge mdomo. Mahali atakapogeuka kukutazama ndipo maandishi yako yamekatika.

Kina bibi wengine hutaja kibaba na pishi. Sisi tulioagizwa dukani utotoni tunajua pishi ni vibaba vinne, lakini kibaba hakimo tena katika nyumba nyingi, na kikombe cha chai cha nyumba moja si cha nyumba ya pili. Andika gramu, na kikombe uweke kwenye mabano. Hili si jambo jipya: Fannie Farmer, mkuu wa chuo cha mapishi cha Boston, alikuwa aking'ang'ania kikombe na kijiko kilichosawazishwa juu kwa kisu tangu mwaka 1896, na sifa yake kubwa hadi leo ni hiyo. Nitamrudia huyu mama, kwani ana somo la pesa pia.

Majina ya viungo yaandike kwa kumfikiria msomaji wa mbali: giligilani na dania, kitunguu saumu na thomu, yote mawili kwenye faharasa mwishoni. Ikiwa wanunuzi wako wako Ulaya au Ghuba, sema pia tui la kopo litumikeje, maana makopo mengi ni ya mililita 400 na mnunuzi wako hana mbuzi wala kifumbu.

Gharama ya majaribio ni yako. Nazi, mchele, nyama, gesi, mara mbili au tatu kwa kila pishi. Mchapishaji kwa kawaida anapokea mswada uliokwisha kujaribiwa, na mpiga chapa hajali kama kuna chumvi ndani au hamna.

Kitabu kimoja, hesabu mbili

Sasa pesa. Nitatumia namba za mfano ili tuone umbo la hesabu. Bei ya kwako utaipata kwa mpiga chapa. Tuseme kitabu kina kurasa 128, kinauzwa shilingi 25,000 za Tanzania, na ukichapa nakala 500 kila moja inakugharimu 12,000. Mzigo mzima ni milioni 6.

Ukimuuzia mtu mkononi, unabaki na 13,000. Ukipeleka dukani, duka la vitabu kwa kawaida huchukua asilimia 30 hadi 40 ya bei. Kwa 40, duka linabaki na 10,000, unaletewa 15,000, ukitoa gharama ya kuchapa umepata 3,000. Na mara nyingi vitabu huachwa kwa makubaliano ya kulipwa vikishauzwa, hivyo hiyo 3,000 unaifuata kwa miguu miezi mitatu baadaye.

Mchapishaji, kwa upande wake, hulipa mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, na kwa vitabu vya kawaida kiwango kinachozoeleka ni asilimia 10 hivi. Asilimia 10 ya 25,000 ni 2,500.

Tazama tena. Kupitia dukani, aliyechapa kwa pesa yake anapata 3,000 na aliyempa mchapishaji anapata 2,500. Tofauti ni shilingi 500 kwa nakala, na kwa hiyo 500 umeweka milioni 6 zako rehani, umegeuza chumba cha wageni kuwa stoo, na umekuwa dereva wa kusambaza maboksi. Kuchapa mwenyewe kuna maana pale tu unapouza kwa mkono wako. Kwa mkono, nakala 240 zinarudisha mtaji wote. Kwa maduka peke yake unahitaji kuuza 400 kati ya 500 ndipo urudi sifuri.

Kwa hiyo kabla hujachagua, andika majina. Si wafuasi wa Instagram. Majina ya watu. Wateja wa keki, akina mama wa kikoba, waumini wenzako, wazazi wa shule, ndugu walioko Muscat na London. Ukifika 150 bila kujidanganya, mpiga chapa ni rafiki yako. Ukiishia 30, soma sehemu ya PDF.

| | Mchapishaji | Kuchapa mwenyewe | Amazon | PDF kwa simu |
|---|---|---|---|---|
| Mtaji wa kuanza | Majaribio tu | Mkubwa | Mdogo | Mdogo sana |
| Anayeuza | Yeye, na wewe kidogo | Wewe | Wewe | Wewe |
| Mnunuzi aliyeko Afrika Mashariki | Anafikika | Anafikika | Kwa shida | Anafikika |
| Mnunuzi aliyeko ughaibuni | Kwa shida | Kwa mizigo ya wasafiri | Anafikika | Anafikika |
| Kulala wazi mezani | Mara chache | Ukitaka | Hapana | Simu, na vidole vya unga |

Mchapishaji: anakulinda na hasara, na anaweza kuondoka na jina

Wachapishaji wengi wa Tanzania na Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule. Wanaotoa vitabu vya msomaji wa kawaida, kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, ni wachache, na kitabu cha mapishi chenye picha za rangi ni mzigo ghali kwao kama ulivyo kwako. Ukikubaliwa, utangoja. Mwaka ni kawaida, miwili haishangazi. Unachopata kwa kungoja ni mhariri, mpangaji wa kurasa, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu sokoni), na njia ya kuingia madukani na kwenye maonesho ya vitabu bila wewe kubeba boksi.

Ninachowaomba watu wasome mara mbili ni mkataba, hasa ukurasa wa haki. Historia ya vitabu vya mapishi ina mifano miwili ya Marekani inayokaa vizuri bega kwa bega.

Wa kwanza ni Fannie Farmer. Mwaka 1896 alipeleka mswada wake kwa Little, Brown wa Boston. Hawakuamini kwamba kitabu kingine cha mapishi kingeuzwa, wakakubali kuchapa nakala 3,000 tu, tena kwa pesa ya mwandishi mwenyewe. Yalikuwa masharti ya dharau, lakini kwa kuwa alilipa yeye, hakimiliki ilibaki kwake. Kitabu kilipoanza kwenda kama maji, faida ikamfuata yeye.

Wa pili ni Irma Rombauer wa St. Louis, mjane wa mumewe aliyefariki mwaka 1930, mama wa nyumbani ambaye hakuwa hata na sifa ya upishi hodari. Mwaka 1931 alichukua sehemu ya akiba yake akawalipa wachapaji waliokuwa wakichapa lebo za kampuni za viatu, wakamtolea nakala 3,000. Binti yake Marion alichora jalada. Hicho ndicho kitabu cha *The Joy of Cooking*. Alikiuza mwenyewe, na mwaka 1936 Bobbs-Merrill wakakichukua na kukitoa kwa ukubwa. Mkataba aliujadili mwenyewe, na ndani yake hakimiliki ilikwenda kwa mchapishaji: ya toleo jipya, na hata ya lile la 1931 ambalo yeye ndiye aliyelilipia kila senti. Mvutano kati ya familia na mchapishaji ukadumu miaka mingi.

Nakala 3,000 huku, 3,000 kule, na wote wawili walitoa pesa mfukoni. Aliyebaki na karatasi ya haki alikaa vizuri zaidi na kitabu chake kuliko aliyeisaini.

Kwa hiyo ukiletewa mkataba, angalia kama unampa mchapishaji *leseni ya kuchapa* au *hakimiliki yenyewe*. Angalia kama haki za tafsiri, za kitabu cha kielektroniki na za video zimo humo humo kwenye sentensi moja ndefu, zitenganishe. Hakikisha kuna kipengele kinachosema kitabu kikiisha sokoni na kisipochapwa tena kwa muda fulani, haki zinakurudia. Uliza mrabaha ni asilimia ya bei ya jalada au ya pesa iliyomfikia mchapishaji: katika mfano wetu, asilimia 10 ya ile 15,000 iliyobaki baada ya duka ni 1,500, si 2,500. Na uliza utauziwa nakala zako kwa punguzo gani, kwa sababu utazihitaji uuze kwenye shughuli zako.

Kuhusu mapishi yenyewe, jua kwamba orodha ya viungo haina mwenyewe kisheria. Hakuna anayemiliki unga, sukari na hiliki. Kinacholindwa ni maneno yako, picha zako na mpangilio wako. Unaweza kuyasajili kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA ukiwa Tanzania au KECOBO ukiwa Kenya. Picha ni za nani? Kama uliajiri mpiga picha, andikishaneni kabla kamera haijafunguliwa.

Na ndugu je? Sheria haimpi shangazi haki ya achari yake ya ndimu, lakini wewe utakaa naye meza moja Idi ijayo. Muombe, na jina lake liwe juu ya pishi lake.

Kuchapa mwenyewe: ujue unachonunua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutojua maneno ya kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiingia Kariakoo au River Road, Nairobi, swali la "kitabu ni shilingi ngapi" litajibiwa kwa namba isiyo na maana. Nenda na karatasi imeandikwa: ukubwa (A5 inatosha na inapunguza gharama), idadi ya kurasa, ngapi za rangi na ngapi nyeusi, uzito wa karatasi ya ndani, uzito wa jalada, aina ya kufunga, idadi ya nakala. Peleka karatasi hiyo hiyo kwa wachapaji watatu. Hapo ndipo bei zinalinganishika.

Kwa mashine kubwa za ofseti, gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye kutengeneza pleti na kusawazisha rangi. Nakala ya 501 ni rahisi sana kuliko ya kwanza. Ndiyo maana mpiga chapa atakushawishi uchape 1,000: bei ya nakala moja inashuka kweli. Anayebaki na maboksi ni nani? Kwa nakala chini ya mia mbili au tatu, mashine ya dijitali kwa kawaida ni nafuu kwa jumla ingawa kila nakala inaonekana ghali. Mimi ningelipa zaidi kwa nakala 100 za mwanzo bila kinyongo, maana toleo la kwanza la kitabu cha mapishi lina makosa siku zote, na kosa la "kijiko cha mezani cha chumvi" badala ya cha chai ni afadhali liwe kwenye nakala 100 kuliko 1,000.

Rangi ndiyo inayokula bajeti. Si lazima kila pishi liwe na picha. Ofseti hupanga kurasa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo unaweza kuchapa kitabu kizima kwa rangi nyeusi kwenye karatasi ya kawaida na kuingiza fungu moja la kurasa 16 za rangi katikati, kwenye karatasi ya kung'aa. Vitabu vya zamani vingi vilifanywa hivyo na havikupungukiwa kitu. Chagua picha kumi na sita zinazofundisha: ukingo wa kitumbua kilichofika kugeuzwa, rangi ya vitunguu vya pilau kabla ya kutia nyama, mkate wa kumimina uliokatwa uonekane ndani. Picha ya sahani iliyopambwa na jani la mnanaa haimsaidii mtu.

Simu huonyesha rangi kwa mwanga. Mashine huchapa kwa wino wa rangi nne. Picha ya mchuzi iliyong'aa kwenye skrini hutoka kwenye karatasi ikiwa ya kahawia kama tope, hasa ikipigwa usiku chini ya taa ya njano. Piga mchana, karibu na dirisha, na udai uone nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ile ile kabla hujasema ndiyo. Anayekuonyesha kwenye kompyuta peke yake, mshukuru na uondoke.

Kufunga: gundi inapendeza rafuni kwa sababu mgongo unabeba jina, lakini kitabu kinajifunga chenyewe ukiwa na mikono ya unga, na kikilazimishwa kinakatika. Waya wa spairo hulala wazi mezani, na mpishi atakupenda, ila maduka hayavutiwi nao kwa kuwa mgongo hauna jina. Ukiuza mkononi, chagua spairo bila kusita. Jalada liwe na plastiki juu yake ili mafuta yapanguswe.

Usisahau ISBN. Tanzania huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya kwenye huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Kitabu kinaweza kuuzwa mkononi bila hiyo, ila duka kubwa na maktaba watakirudisha.

Amazon: kwa mnunuzi aliye mbali tu

Huduma yao ya kujichapishia, KDP, haihitaji mtaji wa kuchapa: unapakia faili, mtu wa Minneapolis anaagiza, kinachapwa kimoja na kupelekwa kwake. Kwa kitabu cha karatasi hukupa asilimia 60 ya bei (50 kwa bei iliyo chini ya dola 9.99), kisha hukata humo gharama ya kuchapa, na ya kurasa za rangi ni kubwa kuliko ya nyeusi. Spairo hawana. Na kwa kuwa Amazon haina duka Afrika Mashariki, dada yako wa Morogoro akitaka nakala atalipa usafiri unaoweza kupita bei ya kitabu.

Kitabu cha kielektroniki cha Kindle kina mtego ambao wapishi huuingia zaidi kuliko watunzi wa riwaya. Kwa bei kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kuchagua mrabaha wa asilimia 70 kwa wanunuzi wa nchi zilizo kwenye orodha yao, lakini katika mpango huo hukata gharama ya kufikisha faili, senti 15 za dola kwa kila megabaiti kwenye soko la Marekani. Riwaya ni megabaiti moja au chini. Kitabu chako cha picha kikiwa na 20, dola 3 zinaondoka kwanza: kwa bei ya 9.99 unapata kama dola 4.89. Kikiwa na 40, unapata 2.79 tu, wakati mpango wa asilimia 35 usiokata kitu ungekupa 3.50. Punguza picha au chagua 35.

Mengine kwa ufupi. Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwenye mapato ya mauzo ya huko, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi nayo. Angalia orodha ya lugha zinazopokelewa na namna ya kulipwa katika nchi yako kabla hujapanga ukurasa hata mmoja. ISBN wanayokupa bure haitumiki nje ya kwao. Kwa maoni yangu njia hii ni ya kitabu cha Kiingereza, au cha lugha mbili, kinachowalenga watoto wetu waliozaliwa ughaibuni.

PDF: ndogo, ya haraka, na inavuja

Mteja anatuma pesa kwa Lipa Namba au M-Pesa, unamtumia faili kwa WhatsApp, mmemalizana kabla chai haijapoa. Bei iwe ya chini, tuseme 8,000, na karibu yote ni yako. Unaweza kusahihisha kosa usiku huo huo.

Itasambazwa. Mmoja ataiweka kwenye kikundi cha watu 200, na kuandika namba ya simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa humtia aibu lakini hakumzuii kabisa. Mimi nashauri msipigane na hilo: fanyeni PDF iwe ndogo, ya jambo moja, mapishi kumi na mawili ya vitafunwa vya futari, kwa mfano, itoke wiki mbili kabla ya Ramadhani wakati kila mtu anatafuta. Ikivuja, imetangaza kitabu kikubwa.

Tengeneza kwa ajili ya simu. Nimeletewa PDF za A4 zenye safu mbili na maandishi ya kukuzwa kwa vidole, na vidole vyenyewe vina kinyunya. Ukurasa mrefu mwembamba, herufi kubwa, pishi moja lisizidi kurasa mbili, viungo juu, hatua chini.

Ya kikundi

Mwaka 1928 chama cha akina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya familia za walowezi, kikarudiwa matoleo mengi. Walowezi wameondoka, mbinu imebaki: kila mwanachama anatoa mapishi mawili, jina lake linaandikwa, na kila mwenye jina ndani atanunua nakala kwa ajili ya ndugu zake. Shule, msikiti, kwaya, kikoba, wote wanaweza. Faida ni ya mfuko wa kikundi, kwa hiyo usiingie humo ukitafuta kipato.

Ningechagua nini

Mwenye biashara ya chakula tayari, wateja wanaomjua na mtaa unaomsifu: achape mwenyewe, nakala 100, spairo, fungu moja la rangi, Kiswahili. Auze pamoja na keki.

Mwenye ndugu na marafiki wengi nje kuliko nyumbani: Amazon, lugha mbili, vipimo vya gramu na joto la oveni kwa nyuzi za Selsiasi na za Farenhaiti, maana London na Minneapolis hawapimi joto la oveni kwa namna moja.

Asiye na uhakika, na hao ndio wengi: PDF ya mapishi kumi na mawili kwanza. Maswali yatakayokuja kwa simu yatakuonyesha pishi gani halieleweki. Ukiuza mia, una majina mia ya kupigia siku kitabu kikitoka.

Mchapishaji ningemfuata baadaye, nikiwa na nakala 300 zilizouzwa na majaribio yamekamilika, kwa sababu hapo naomba leseni ya miaka kadhaa badala ya kusaini chochote nilichowekewa mbele. Mwenye mapishi yenye historia ndani yake, ya Kilwa, ya Lamu, ya Wangazija waliohamia Unguja, anaweza kumfuata mapema zaidi. Kitabu cha namna hiyo kinahitaji mhariri wa kuuliza maswali, na pesa ya mpiga picha mzuri.

Ukiwa unatoa karatasi na kielektroniki kwa pamoja, omba ISBN mbili. Kila umbo lina namba yake, na ni rahisi kuziomba siku moja kuliko kurudi ofisini wiki ambayo mpiga chapa anasubiri jalada.